Siku Niliyolinyonga Bunge la Watu

Jamani, nianze kwa kukiri kwamba kuna watu Litembo mpaka leo wananiita Mwalimu Kitanzi, na siwezi kuwanunia kwa sababu jina lenyewe nililitafuta kwa mdomo wangu, mchana kweupe, mbele ya mkutano mkuu wa wakulima, tena mbele ya mzee ambaye nilikuwa namvizia awe baba mkwe wangu. Nikiikumbuka siku ile huwa nafunika uso kwa mikono hata nikiwa peke yangu. Ila siku hizi nikishafunika uso huwa nacheka, maana iliisha salama, na si kwa akili zangu.

Mimi ni mtu wa ziwani, nimezaliwa Lipingo, nimekua nikila dagaa na mbasa, nikaja kupangiwa kufundisha sekondari huku juu milimani ambako baridi ya mwezi wa sita inakufanya uwaze dhambi zako zote. Nafundisha Historia. Sasa mnajua wenyewe jinsi Historia inavyofundishwa kwetu: unaandika ubaoni kwa Kiingereza, wanafunzi wananakili kwa Kiingereza, halafu unafunga kitabu na kuwaeleza kwa Kiswahili ili waelewe. Kwa hiyo Kiingereza changu ni cha ubaoni. Kinaandikika vizuri sana. Kuzungumzika ndiyo shida.

Huko Litembo nikampata Devota, binti wa Mzee Kapinga, na Mzee Kapinga ndiye alikuwa mwenyekiti wa AMCOS yetu, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, mtu mrefu, mkimya, anayevaa koti la suti na viatu vya mpira pamoja na hakuna anayethubutu kucheka. Mshenga wangu alikuwa ameshakwenda kwake mara ya kwanza, akarudi na jibu kwamba mzee anafikiri. Anafikiri nini, hakusema. Mimi nikawa naishi kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Wakati huo huo AMCOS ilikuwa na ugomvi wake. Bodi yetu ilikuwa inachaguliwa kwa kunyoosha mikono, kiti kimoja kimoja, na kwa kuwa watu wa juu ni wengi kuliko watu wa bondeni, kila kiti kikiitwa, mikono ya juu inashinda, basi viti vyote vinabaki juu. Watu wa bondeni hawana hata mmoja wa kuwasemea, na msimu ukifika gari la kukusanya kahawa linawafikia mwisho, wakati mwingine kahawa imeshanyeshewa. Aliyekuwa anaupigania mfumo mpya, kwamba viti vigawanywe kufuatana na kura ambazo kila upande umezipata, ni Mama Kinunda, mjane wa bondeni, mfupi, mwenye sauti inayovuka mlima. Kila mkutano alileta hoja hiyo, na kila mkutano iliahirishwa. Safari hii aliahidiwa kwamba itapigiwa kura.

Na hapo ndipo alipoingia Mama Daktari. Alikuwa mgeni kutoka nchi moja changa kule Ulaya (silitaji jina, nisije nikamleta balozi wao Mbinga kuniulizia, ila ni changa kweli, mimi mwenyewe nimeitangulia kuzaliwa). Mume wake alikuwa daktari wa macho aliyekuja kujitolea kwa muda, na yeye mama, jina lake Arta, huko kwao alishawahi kufanya kazi ya kusimamia uchaguzi wa wabunge. Alikuwa mpenda kahawa na mpenda watu, akawa anapita nyumba kwa nyumba na Kiswahili chake cha maneno machache, na siku moja akanywa kahawa kwa Mzee Kapinga, wakaanza kuzungumza habari za uchaguzi kwa msaada wa sista mmoja anayejua lugha. Mzee akavutiwa. Akasema mgeni huyu aje mkutanoni, atueleze nchi yake ilivyobadilisha namna ya kuchagua, ndipo tuamue ya kwetu.

Siku ya mkutano, ghala la kahawa limejaa, watu wamekaa kwenye mabenchi na juu ya magunia, makoti ya mtumba yamefungwa mpaka shingoni, na sista hayupo, ameitwa Mbinga mjini kwa shughuli za shirika. Mzee Kapinga akatazama huku na huku, macho yake yakanifikia mimi, niliyekuja kama mwalikwa tu (ukweli ni kwamba nilikuja kumwona Devota aliyekuwa anagawa chai). Akaniuliza kwa upole:

"Mwalimu, Kiingereza unakiweza?"

Hapo ndipo ningesema, "Shikamoo mzee, kidogo tu." Maneno machache na maisha yangeendelea. Lakini Devota alikuwa amesimama na birika mkononi ananitazama, na ghala zima linanitazama, nikasikia mdomo wangu unasema, "Hicho ndicho ninachokula nacho, mzee." Watu wakapiga makofi. Nikavuta kiti mbele.

Mwanzo ulikwenda vizuri, nisijinyime sifa. Mama Daktari alikuwa anaongea polepole, na kwa kuwa Kiingereza si lugha yake pia, alitumia maneno mepesi. Akasema zamani kwao mwananchi alikuwa anapigia kura chama tu, na chama ndicho kilipanga nani awe wa kwanza kwenye orodha na nani wa mwisho, kwa hiyo wakubwa wa chama hawakuanguka hata siku moja. Nikatafsiri, watu wakaguna, wanaelewa. Akasema wakabadilisha, sasa mpiga kura anachagua chama halafu anachagua na majina anayoyataka ndani yake, na wapo wakubwa waliojikuta nje. Nikatafsiri, watu wakafurahi. Akasema viti vinagawanywa kwa kadiri ya kura, hata vyama vidogo vinapata chao. Mama Kinunda akampiga jirani yake begani kwa furaha. Mimi nikamtazama Devota, naye akatabasamu, na Mzee Kapinga akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilijiona nimeshaoa.

Basi mama akafika kwenye uchaguzi wao wa karibuni. Akasema baada ya matokeo, bunge likawa hivi na hivi, akatumia neno "hung", ambalo mimi nalijua sana, naliandika ubaoni kila mwaka, kwa sababu ndilo neno lile lile la somo la Majimaji, pale ninapowafundisha vijana kwamba wakubwa wa Kingoni walinyongwa Songea. Sikuwa nimewahi kusikia kwamba neno hilo lina kazi nyingine. Kumbe Waingereza wanaweza kulitumia kwa nguo iliyoanikwa kwenye kamba, na kumbe wanalitumia hata kwa bunge ambalo hakuna chama kilichopata wingi wa kuunda serikali, bunge limekwama tu, halipandi halishuki. Mimi ningejuaje? Nilishtuka kidogo, lakini nikajiambia Ulaya nako kumbe kuna mambo, nikageukia mkutano, nikasema kwa sauti ya huzuni:

"Baada ya uchaguzi huo, bunge likanyongwa."

Nanyi mjue hapa ni mkoa wa Ruvuma, habari ya kunyongwa si hadithi ya mbali, kuna watu humo ndani mababu zao waliisimulia. Mama Kinunda akasimama taratibu.

"Lote, Mwalimu? Na wanawake?"

Nikamgeukia mgeni nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha ubaoni kama ni lote, na wanawake pia wamo. Uso wake ukang'aa. Akasema ndiyo, ndiyo, wanawake wamo, karibu theluthi, sheria yao inataka hivyo na wanajivunia sana. Nikatafsiri nilivyosikia: "Anasema na wanawake pia. Karibu theluthi. Ni sheria. Anasema wanajivunia."

Mama mmoja nyuma akajifunika kanga usoni. Mgeni akaendelea, akasema hali hiyo ilidumu miezi, kila wakikutana hakuna linalofanyika. Nikasema waliachwa wananing'inia miezi. Katekista wetu, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, akafanya ishara ya msalaba, na Mzee Kapinga akavua kofia.

Ndipo mama akasema kwamba hatimaye wabunge wale wale walikaa chini, wakanywa kahawa, wakazungumza, wakaelewana wakaunda serikali ya pamoja.

Ndugu zangu, kuna jasho ambalo halijali kwamba ni mwezi wa sita Litembo. Lilinianzia kisogoni. Wafu hawanywi kahawa. Nikaanza kurudi nyuma kichwani, neno kwa neno, nikaona nilipojikwaa, na nikaona kwamba ninachotakiwa kufanya ni kitu kimoja rahisi, kugeuka na kusema, samahanini, nimekosea. Nikageuka. Mzee Kapinga ananitazama, kofia ipo kifuani. Devota ameweka birika chini, machozi yanamlenga. Ujasiri ukaniishia pale pale, nikasema:

"Basi, hatimaye... waliobaki wakakaa chini wakaelewana."

Mzee Kapinga, ambaye hajawahi kupitwa na hesabu, akauliza ni wepi hao waliobaki kama lilinyongwa lote.

"Ndugu zao," nikasema. "Ndugu wa marehemu."

Ukishatunga ndugu wa marehemu, umeshatunga msiba, na msiba huku kwetu una taratibu zake. Mzee mmoja akataka kujua kama mgeni mwenyewe alipoteza mtu. Nikamuuliza mgeni (Mungu anisamehe) kama ana rafiki ndani ya bunge lile. Akacheka, akasema anao wengi, mmoja ni shemeji yake, mtu mnene, anayelala kwenye vikao. Nikasema amepoteza shemeji. Watu wakamtazama mwanamke huyu anayecheka huku anamtaja shemeji yake marehemu, na wakaona ndiyo ile huzuni inayopitiliza mpaka inageuka kicheko, maana nayo tunaijua. Kina mama wakainuka mmoja mmoja, wakaenda kumshika mikono, "Pole sana, Mama Daktari, pole sana." Naye neno pole alifundishwa kwamba huambiwa mtu aliyechoka kupanda milima yetu, na jibu lake alikuwa amelikariri.

"Asante," akawajibu kila mmoja kwa tabasamu. "Nimeshazoea."

Kina mama wakalia zaidi.

Katekista akaomba tusimame. Tukasimama, akawaombea marehemu raha ya milele, na mgeni naye akainamisha kichwa kwa heshima, akijua ni sala ya kawaida ya mkutano, akaitika amina kwa sauti kuliko sisi sote. Wakati huo wanawake wawili walikuwa wameshatoka, wakarudi na kikapu cha unga na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu, rambirambi, wakamkabidhi. Jogoo akapiga kelele, mama akamkumbatia, akafurahi mno, akaniuliza kama hivi ndivyo tunavyowakaribisha wageni wote. Nikamwambia ndiyo.

Mpaka hapo, niwaambie ukweli, nilikuwa nimeshaamua kunyamaza. Nilijiambia mgeni ataondoka na mume wake, habari itapoa, hakuna aliyeumia, jogoo mmoja tu. Pengine ningekufa nayo hiyo siri. Lakini Mzee Kapinga akavaa kofia yake tena, akasimama, na akaanza kuufunga mkutano. Akasema tumesikia wenyewe. Akasema alikuwa anaelekea kukubaliana na Mama Kinunda, hata nyumbani kwake alishasema hivyo, ila kama kubadilisha namna ya kuchagua ndiko kulikowafikisha wenzetu pale walipofika, basi sisi tubaki na mikono yetu ya kunyoosha tuliyoizoea, na hoja iondolewe, isiletwe tena. Watu wa juu wakaitikia. Hata baadhi ya watu wa bondeni wakaitikia, kwa hofu.

Mama Kinunda hakubisha. Ndilo lililonivunja. Mwanamke ambaye sauti yake inavuka mlima alikaa chini juu ya gunia, akaikunja kanga yake mapajani polepole, akaikunja tena, akatazama sakafu. Nikakumbuka kahawa yake inayonyeshewa ikisubiri gari. Mimi nimemnyang'anya kitu alichokipigania miaka, na nimemnyang'anya kwa sababu sikutaka kuonekana sijui neno moja mbele ya msichana.

Nikasimama.

"Mwenyekiti, naomba kusema. Hakuna aliyenyongwa."

"Hakuna?"

"Hakuna hata mmoja, mzee. Nilikosea neno. Bunge lilikwama tu, kwa kuwa hakuna chama kilichopata wingi. Wote ni wazima, wanakula na kulala. Na shemeji yake ni mzima."

Mzee Kapinga akanitazama. Akauliza, bila kupandisha sauti, na wale ndugu wa marehemu je.

"Niliwatunga, mzee."

Nilisubiri kufukuzwa. Nilishaanza kupanga kichwani namna ya kuomba uhamisho nirudi ziwani, nikafundishe mahali ambapo hawanijui. Na wa kwanza kusema alikuwa Mama Kinunda, ambaye ndiye aliyekuwa na haki ya kunipiga. Akainua uso.

"Basi wafufue, Mwalimu," akasema, "na hoja yangu uifufue nao."

Sijui nani alianza kucheka. Nadhani ni katekista, maana alikuwa ameshawaombea wabunge wa watu raha ya milele wakiwa hai, na aliponena kwamba sala haipotei, itawakuta mbele ya safari, ghala likaporomoka. Mzee Kapinga alijizuia, akajizuia, mabega yakaanza kutikisika, mwishowe akakaa chini na kujifuta macho kwa kofia. Mimi nimesimama katikati kama nguzo, sijui kama nicheke au nilie, lakini kifua changu kilikuwa kimefunguka, nikavuta pumzi ambayo nadhani sikuwa nimeivuta tangu lile neno.

Mgeni ndiye pekee aliyekuwa hajui kitu, amekaa na jogoo mapajani anatutazama. Ikabidi nimweleze. Kwa Kiingereza cha ubaoni nikamweleza kila kitu, neno, sala, pole, rambirambi. Alinisikiliza macho yanazidi kutoka, akafunika mdomo, akacheka mpaka jogoo akamponyoka. Alipopata pumzi akasema kitu, na hicho nilikitafsiri kwa uangalifu, neno kwa neno, nikimwomba arudie mara mbili ili niwe na hakika:

"Anasema kuna miezi ambayo na wao kule kwao walitamani wawanyonge kweli."

Hapo watu wakacheka kicheko kilichotoka mahali pake, na nikajua sasa tunaelewana na nchi ile.

Baada ya hapo aliomba meza na kahawa. Kahawa yenyewe, punje. Akazimimina, akatenga fungu kubwa la watu wa juu na fungu dogo la bondeni, akaweka vikombe kuwa ndivyo viti, akaonyesha kwanza kwa njia yetu, jinsi fungu kubwa linavyochukua vikombe vyote, halafu kwa njia ya kwao, jinsi kila fungu linavyopata vikombe vinavyolingana nalo. Hakuhitaji mkalimani. Mimi nilishika tu vikombe visianguke. Wazee wakasogea, wakauliza kwa vidole, akajibu kwa punje, na mzee mmoja wa juu aliyekuwa mpinzani mkubwa akasema kwamba kama ni hivyo, kwetu hakipotei kitu isipokuwa kiti ambacho hakikuwa haki yetu.

Kura ikapigwa. Hoja ikapita, si kwa wingi wa kutisha, lakini ikapita, na msimu uliofuata bondeni walipata watu wao ndani ya bodi, Mama Kinunda mmojawapo, na gari la kahawa likaanza kuanzia kwao. Simwambii mtu kwamba nilichangia. Nilichochangia mnakijua.

Unga mgeni aliurudisha, jogoo wakamkatalia, wakasema sasa ni zawadi ya kumshukuru. Nami nilitoka nje nikakaa kwenye jiwe nyuma ya ghala, natazama mashamba ya ngoro, yale ya mashimo mashimo ya kuzuia udongo, yanavyoshuka bondeni. Devota akanifuata na kikombe cha chai. Nikamwambia najua mzee wake sasa ameshamaliza kufikiri. Akasema ndiyo, amemaliza, ameshamwambia mama yake pale pale mlangoni.

"Amesema mwongo wa namna hii hana madhara," akaniambia. "Amesema hata ukinidanganya, utakuwa umeshakamatwa kabla ya chakula cha mchana."

Mahari tulimaliza kupeleka mwaka huo huo. Mama Arta alitutumia salamu kutoka kwao, na ndani yake kulikuwa na picha ya shemeji yake yule mnene, amelala usingizi kwenye kiti chake bungeni, mzima kabisa.

Tangu siku ile nimeapa, na kiapo changu hakijavunjika. Wageni wanakuja, wa miradi, wa kanisa, wa kahawa, na kila wakikosa mkalimani macho yanatembea mpaka yananifikia, na mimi siangalii birika wala msichana. Nasema sijui. Nawaambieni, ni neno jepesi sana mdomoni, na ukishalisema unaletewa chai kama watu wengine, unakaa benchi la nyuma, na unasikiliza mkutano kwa raha zako.